Tiba kwa Michezo kwa Mtoto Aliyefiwa: Tathmini ya Huduma ya Kituo Kimoja cha Dar es Salaam

Huduma ninayoitathmini hapa ni tiba kwa njia ya michezo, inayotolewa na kituo binafsi cha ushauri nasaha jijini Dar es Salaam kwa watoto wa miaka 3 hadi 12. Jina la kituo silitaji, kwa kuwa wanaokifahamu wangeweza kumtambua mtoto ninayemzungumzia, na habari zake ni zake mwenyewe. Nitaeleza kinachofanyika, kilichoniridhisha, kilichopungua, na nani anaweza kufaidika, maana walezi wenzangu wengi wameniuliza kama fedha inayolipwa inalingana na kazi inayofanyika. Kwa maoni yangu inalingana, na sehemu iliyo bora kuliko zote ni mafunzo anayopewa mlezi ili akaiendeleze kazi hiyo nyumbani.

Mtoto mwenyewe ni mwana wa marehemu kaka yangu, aliyefariki katika ajali ya barabarani. Baada ya msiba, mtoto aliyekuwa msemaji aliacha kuzungumza darasani, akaanza tena kukojoa kitandani ilhali alikuwa ameshaacha zamani, na kila asubuhi ya siku ya shule alilalamika tumbo. Hospitali walimpima wasione ugonjwa wa mwili, na daktari wa watoto ndiye aliyetuelekeza kituoni. Nataja hatua hiyo kwa makusudi, kwa sababu kituo kilitaka kuona majibu ya vipimo kabla ya kumpokea. Mtoto anayeumwa tumbo kila asubuhi huenda ana huzuni, na huenda pia ana minyoo au vidonda vya tumbo; mtaalamu anayemchukua mtoto moja kwa moja bila kuuliza habari za hospitali ni wa kutiliwa shaka.

Kikao cha kwanza kilikuwa cha walezi peke yao. Mtaalamu, mama wa makamo ambaye watoto wote humwita Anti, alituuliza mimi na mama wa mtoto kuhusu ujauzito, kuzaliwa, usingizi, chakula, watu wanaoishi nyumbani, na zaidi ya yote, nani alimpa mtoto taarifa ya msiba na kwa maneno gani. Ilidhihirika pale pale kwamba kila ndugu alikuwa amesema lake: mmoja kwamba baba amesafiri, mwingine kwamba amelala, mwingine kwamba Mungu amemchukua. Anti hakumlaumu mtu. Alieleza kwamba mtoto mdogo huyapokea maneno kama yalivyo, hivyo aliyeambiwa kwamba baba amelala anaweza kuogopa kufumba macho usiku, na aliyeambiwa kwamba amesafiri atakaa akimsubiri. Akatuomba tukubaliane maneno machache ya kweli yatakayosemwa na watu wazima wote nyumbani: baba amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi, nawe hukufanya kosa lolote. Imani ya familia kuhusu alikokwenda marehemu hakuigusa. Alisema tu kwamba ijengwe juu ya ukweli huo, isiufunike. Hata kama huduma ingeishia hapo, kikao hicho kimoja kingetosha kutufaa.

Chumba cha michezo si kikubwa. Sakafu ni ya kufutika kwa urahisi, rafu ni fupi kiasi kwamba mtoto anafikia kila kitu bila kuomba, na vitu hukaa mahali pale pale wiki baada ya wiki. Utaratibu huo umekusudiwa, kwa sababu mtoto ambaye mambo ya nyumbani yamemvurugikia anahitaji walau chumba kimoja atakachokikuta jinsi alivyokiacha. Vifaa vimechaguliwa kwa kufuata makundi 3 yaliyofafanuliwa na Garry Landreth, aliyefundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha North Texas, Marekani. Kundi la kwanza ni vitu vya maisha ya kila siku, yaani nyumba ya midoli na familia yake, sufuria na mwiko, simu, magari, pamoja na mkoba wa daktari wenye bomba la sindano. Kundi la pili ni vya kutolea hasira na hofu, kama askari wa plastiki, mamba, nyoka wa mpira na mto mkubwa wa kupigwa. Kundi la tatu ni vya kubuni, kama udongo wa mfinyanzi, rangi, karatasi, vikaragosi vya mkononi na mchanga. Hakuna kitu cha betri kinachojiendesha chenyewe wala kioo cha katuni, kwa kuwa kifaa kinachocheza peke yake hakimwachii mtoto kazi yoyote.

Katika vifaa hivyo hivyo nina malalamiko. Midoli ya familia tuliyoikuta siku za mwanzo ilikuwa ya kununuliwa nje, yenye ngozi nyeupe na nywele za manjano, na mtoto wetu alipoiona aliuliza hawa ni watalii wa wapi. Mtoto anayetakiwa kuonyesha yaliyotokea nyumbani kwao hawezi kuwatumia watalii kwa urahisi. Nilimweleza Anti, naye alilipokea jambo hilo kwa heshima. Baadaye rafuni paliongezwa familia ya midoli iliyoshonwa na fundi kwa vitambaa vya kitenge, bibi akiwa amejifunga kanga, na pembeni yao bajaji ya bati. Hiyo bajaji imefanya kazi kuliko kifaa kingine chochote, kama nitakavyoeleza. Ningetamani waendelee hivyo hivyo, wapate mkeka, mbuzi ya nazi, ungo na ndoo ya maji, kwa kuwa mtoto wa Mbagala au wa Manzese huyacheza maisha yake kwa vitu anavyoviona kwao.

Mchanga una nafasi yake ya pekee. Umewekwa katika trei pana la mbao lenye kina kifupi, ndani limepakwa rangi ya buluu, ili mtoto akiusogeza mchanga aone maji chini yake, naye atengeneze bahari, mto au kisima apendavyo. Njia hii ilianzishwa na Margaret Lowenfeld, daktari wa watoto aliyefungua kliniki yake jijini London mwaka 1928. Aliwapa watoto mchanga, maji na sanduku la vinyago vidogo vidogo, watoto wenyewe wakaanza kutengeneza humo dunia nzima, naye akayaangalia yale waliyoyatengeneza kama taarifa ya hali ya nafsi zao. Baadaye Dora Kalff wa Uswisi aliiendeleza kwa namna yake, ikaenea. Wetu anaishi mji wa pwani na mchanga ameuzoea tangu kutambaa, kwa hiyo hakuhitaji kuonyeshwa la kufanya.

Bibi yake, mama yangu mzazi, aliuliza swali ambalo najua wengi wanalo: “Mwanangu, mnatoa hela mtoto akacheze? Uani hapa si pana mchanga tele?” Swali hilo ni la haki na linastahili kujibiwa kwa makini. Uani pana mchanga, na mtoto anayecheza uani na wenzake, awe anacheza kombolela, rede au kujipikilisha, anapata faida kubwa ambayo hakuna kituo kinachoweza kuiuza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unautambua mchezo kuwa haki ya mtoto katika kifungu cha 31. Lakini mtoto mwenye jeraha moyoni mara nyingi hachezi kama wenzake: hujitenga, au huurudia mchezo ule ule wa kutisha bila kufika mwisho, au akianza kucheza habari ya kifo mtu mzima aliye karibu humkemea kwamba analeta mkosi. Ndani ya chumba kile kuna mtu mzima aliyefunzwa, asiye na kazi nyingine kwa muda ule, ambaye atauona mchezo huo mpaka mwisho bila kuogopa na bila kumkatiza.

Sababu ya kutumia mchezo badala ya mazungumzo nayo ni nyepesi kueleweka. Mtu mzima akifiwa hukaa na jirani akasimulia, akalia, akasimulia tena. Mtoto wa miaka 6 hana maneno ya kutosha ya kutenganisha huzuni, hatia, hofu na hasira, na hata uwezo wa kufikiri mambo yasiyoshikika, kwa mujibu wa Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyechunguza jinsi fikra za watoto zinavyokua, hukomaa kuanzia umri wa miaka 11 hivi. Ukimkalisha kitini ukamwuliza anajisikiaje, atakujibu “vizuri” ili umwache aende zake. Ukimpa bajaji, mchanga na mdoli, atakuonyesha.

Kazi anayoifanya Anti chumbani ni rahisi kuielezea na ngumu sana kuitenda. Msingi wake ni kanuni 8 alizoziandika mwanasaikolojia wa Marekani Virginia Axline mwaka 1947, ambazo kwa ujumla zinamtaka mtaalamu ajenge uhusiano wa upendo na mtoto, amkubali jinsi alivyo, amwachie uhuru wa kueleza hisia zake zote, azitambue hisia hizo na kumrudishia kwa maneno, asimharakishe, na aweke mipaka michache tu inayolazimu. Mtoto ndiye anayeongoza na mtaalamu anafuata. Kwa hiyo Anti haulizi “Kwa nini umemfukia huyu?” wala hafundishi kwamba gari halipiti juu ya watu. Anasema anachokiona: “Umeamua bajaji ipite hapa.” “Unaona hiyo ni ngumu, lakini bado unajaribu.” “Huyu amekasirika sana.”

Hata sifa hazitolewi ovyo. Mtoto akionyesha picha, Anti hasemi “Umechora vizuri sana”, atasema “Umetumia rangi nyeusi nyingi huku juu, na hapa umeweka nyekundu.” Mwanzoni nililiona jambo hilo kuwa ni ukavu, kwani tumezoea kumpongeza mtoto kwa kila afanyalo. Nikaeleweshwa kwamba mtoto anayesifiwa kwa uzuri wa picha atachora picha nzuri nyingine ili asifiwe tena, na ile mbaya, iliyobeba jambo lenyewe, ataificha.

Uhuru huo una mipaka, na namna mipaka inavyowekwa ni somo ambalo kila mzazi angefaidika nalo. Haruhusiwi kujiumiza, kumwumiza Anti, wala kuvunja vifaa kwa makusudi. Siku mtoto wetu alipotaka kumrushia Anti kipande cha mbao, kama nilivyoelezwa baadaye, aliambiwa hivi: “Najua umekasirika na unataka kunirushia. Mimi si wa kurushiwa. Unaweza kuurushia ule mto.” Sentensi hizo zinafuata hatua 3 za Landreth, ambazo ni kuitambua hisia, kuutaja mpaka, kisha kuonyesha njia nyingine inayokubalika. Hasira haikukatazwa, kilichokatazwa ni kuumiza mtu. Katika nyumba zetu mara nyingi tunavifunga vyote viwili kwa kelele moja, na mtoto anabaki akidhani kwamba hata kukasirika kwenyewe ni utovu wa adabu.

Kuhusu siri, kituo kina msimamo ulio wazi, na uliandikwa katika fomu tuliyoisaini. Mlezi hupewa mambo ya jumla, kwa mfano kwamba mtoto anacheza sana habari ya mtu anayetafutwa na haonekani, lakini hapewi taarifa ya kila neno na kila tendo. Siri hiyo huvunjwa pale tu panapokuwa na dalili kwamba mtoto yuko hatarini au anafanyiwa ukatili, na hapo kituo hutoa taarifa kwa ustawi wa jamii au kwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Ukutani, kwa maandishi makubwa, wamebandika namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto. Mama wa mtoto alipata tabu kukubali kwamba kuna mambo ya mwanawe asiyoelezwa, na sidhani kwamba tabu hiyo inaweza kuepukwa. Lakini mtoto anayejua kwamba mchezo wake utajadiliwa mezani wakati wa chakula cha usiku hatacheza la kweli.

Sasa nifike kwenye mafunzo ya walezi. Msingi wake uliwekwa miaka ya 1960 na Bernard na Louise Guerney wa Marekani, waliofikiri kwamba badala ya mtaalamu kuwa ndiye mtu pekee anayemwelewa mtoto, afadhali amfundishe mzazi kufanya kazi hiyo, kwa kuwa mzazi ndiye atakayebaki na mtoto mtaalamu akishaondoka. Landreth na wenzake waliifupisha njia hiyo ikawa mafunzo ya vikao 10 vya kila wiki, na ndiyo kituo kinachofuata. Walezi hukaa kikundi kidogo, hujifunza na kujaribu wao kwa wao, kisha kila mmoja hufanya nyumbani kipindi cha mchezo cha dakika 30 kwa wiki na mtoto mmoja aliyemchagua. Vifaa hukaa katika mfuko wao, havitumiki siku nyingine. Simu huzimwa. Ndugu wengine wa nyumbani huombwa wasikatize. Kikao kinachofuata kikundi hujadili yaliyotokea, na anayetaka huleta video aliyojirekodi, Anti akasimamisha picha na kuonyesha pale mlezi alipomfuata mtoto na pale alipomwongoza bila kutambua.

Nitasimulia kipindi kimoja cha nyumbani. Ilikuwa baada ya alasiri, mkeka umetandikwa barazani, mchanga nimeuweka katika karai. Mtoto aliichukua bajaji, akaifukia yote, akaupigapiga mchanga juu mpaka ukalainika. Kisha akaniuliza: “Shangazi, nani yumo ndani?” Kwa kawaida ningejibu hakuna mtu, au ningebadilisha mazungumzo haraka. Nikajibu nilivyofundishwa: “Unataka kujua nani yumo ndani.” Akasema, “Yumo baba.” Nikasema, “Baba yumo ndani, na wewe uko huku nje.” Akaifukua, akaiangalia, akaifukia tena, na akafanya hivyo mara nyingi bila kunitazama. Hatimaye alichukua simu ya kuchezea, akamwekea mdoli sikioni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: “Haloo, baba, sisi tumeshakula.” Nilitamani kumkumbatia na kumwambia maneno ya faraja. Nilichosema ni: “Unataka baba ajue kwamba mmeshakula.” Akaitikia kwa kichwa, akaiweka simu, akaomba kwenda kucheza mpira.

Tangu baba yake azikwe, hilo lilikuwa neno lake la kwanza kumhusu baba yake ambalo mimi nililisikia. Hakuna maswali yangu yaliyolitoa. Lilikuja kwa sababu alipewa muda, vitu vya kulisemea, na mtu mzima aliyezuiliwa kulijaza kwa maneno yake mwenyewe. Naandika hivyo nikijua kwamba shangazi, mjomba, bibi na babu wako tele katika familia zetu, na kwamba wengi wao wana subira kubwa kuliko yangu; wanachokosa ni kuonyeshwa namna.

Ushahidi wa kitaalamu nao unaelekea huko. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2005 na Sue Bratton na wenzake ulikusanya tafiti 93 za tiba kwa michezo zilizofanyika kati ya miaka ya 1950 na mwaka 2000, ukaonyesha kwamba watoto waliopata tiba hiyo walifanya vizuri kwa kiasi kikubwa kuliko wale ambao hawakuipata, na kwamba matokeo yalikuwa makubwa zaidi pale mzazi alipofundishwa kuifanya kuliko pale ilipofanywa na mtaalamu peke yake. Tafiti nyingi kati ya hizo zilihusisha watoto wachache, na karibu zote zilifanyika mbali na mazingira yetu, kwa hiyo sizichukui kama cheti cha kituo chochote cha hapa nyumbani. Zinatosha, hata hivyo, kumjibu anayedhani kwamba jambo hili ni mbwembwe za mjini.

Kuhusu matokeo kwa mtoto wetu, nitasema kwa tahadhari. Hasira ilizidi kwanza. Anti alikuwa ametuonya kwamba mtoto aliyefungia mambo ndani anaweza kuonekana ameharibika zaidi anapoanza kuyafungua, na onyo hilo ndilo lililotuzuia kukata tamaa na kumwachisha. Kisha malalamiko ya tumbo yakapungua mpaka yakaisha. Shuleni alianza kuzungumza na rafiki mmoja, halafu na mwalimu, ingawa mpaka leo hanyooshi kidole kujibu swali mbele ya darasa. Kukojoa kitandani kumepungua bila kwisha. Siwezi kujua ni kiasi gani cha mabadiliko haya kimeletwa na chumba cha michezo, kiasi gani na vipindi vya barazani, kiasi gani na sisi kuacha kumwambia kwamba baba amesafiri, na kiasi gani na muda wenyewe. Anti naye hakujitwalia sifa hizo, jambo lililonifanya nimwamini zaidi.

Upungufu upo, na mwingine ni mzito. Wa kwanza ni sauti. Chumba cha michezo kimetenganishwa na sehemu ya kusubiria kwa ukuta mwembamba, na mtoto wa mtu mwingine alipolia nilisikia maneno yake yote. Kituo kinachosaini fomu za siri hakina budi kutafuta fundi aongeze ukuta, au walau kuwasha redio kwa nje. Sehemu hiyo ya kusubiria hutumiwa pia na watu wazima wanaokuja kwa ushauri wa ndoa na wa ulevi, ambao wengine hulia au kugombana. Mtoto mwenye hofu hafai kuanzia hapo.

Wa pili ni barua kwa shule. Tuliomba mwalimu wa darasa apewe maelekezo, na kituo kikaandika ukurasa mzima kwa Kiingereza cha kitaalamu ambacho mwalimu alikisoma kwa adabu, akakiweka kwenye faili. Alichohitaji ni mistari mitano ya Kiswahili: asimlazimishe kusoma kwa sauti, ampe kazi ya kugawa madaftari ili apate sababu ya kuzungumza, asimwadhibu akichelewa asubuhi, amruhusu kutoka nje akizidiwa, na atupigie simu akiona mabadiliko. Hatimaye mambo hayo niliyapeleka kwa mdomo. Ndani ya chumba lugha haikuwa tatizo hata kidogo, kwa kuwa Anti humfuata mtoto kwa lugha anayoianza mwenyewe, na wetu, ingawa anasoma shule ya Kiingereza, hucheza kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho.

Wa tatu ni gharama na muda. Kipindi cha dakika 45 hulipiwa shilingi 50,000, na bima yetu haikukilipia. Familia yenye kipato cha kawaida haiwezi kumudu kila wiki kwa miezi mingi, na tiba hii huhitaji miezi. Nafasi za Jumamosi huwahiwa na wachache, wanaobaki hupangiwa saa za shule, na kwa foleni za jiji hili kipindi kimoja humeza nusu siku ya mtoto na ya mlezi. Nilipendekeza wafungue jioni mara moja kwa wiki. Nilijibiwa kwamba jambo hilo linaangaliwa, na mpaka ninapoandika bado linaangaliwa.

Nani aende? Ningewashauri walezi wa mtoto aliyefiwa, aliyeshuhudia ajali au ugomvi mkubwa, ambaye wazazi wake wametengana, aliyelazwa hospitali kwa muda mrefu, au aliyebadilika ghafla bila sababu inayoonekana. Mtoto anayezungumza habari za kutaka kufa, anayeona au kusikia vitu ambavyo wengine hawavioni, au anayepata degedege, apelekwe kwanza hospitali yenye idara ya afya ya akili, kama Hospitali ya Taifa Muhimbili. Mchezo unaweza kuja baadaye kama nyongeza. Na mtoto ambaye bado anaishi na mtu anayempiga au kumdhalilisha anahitaji kwanza kutolewa hatarini, kwa sababu haifai kumsaidia atulie mahali ambapo hapaswi kutulia.

Anayetafuta huduma ya aina hii mahali pengine amwulize mtaalamu alisomea wapi tiba ya watoto hasa, kwani kusomea ushauri kwa ujumla hakutoshi. Nani humsimamia na kujadiliana naye kazi zake. Atakutana na walezi mara ngapi. Na atajuaje kwamba mtoto yuko tayari kumaliza. Anayeahidi kuponya kwa vipindi viwili vitatu, au anayetaka kumhoji mtoto kana kwamba yuko kituo cha polisi, aachwe. Katika kituo hiki mwisho hupangwa mapema, na mtoto huelezwa wiki kadhaa kabla kwamba vipindi vinakaribia kwisha, akaandaliwa kuaga, jambo la lazima kwa mtoto ambaye mtu wake wa karibu aliondoka bila kumuaga.

Kwa mlezi ambaye fedha zake zinatosha kitu kimoja tu, ushauri wangu ni kwamba aulizie kikundi cha walezi kabla ya vipindi vya mtoto. Ada yake kwa mtu mmoja ni ndogo kuliko nusu ya ada ya kipindi, vifaa vya nyumbani vinapatikana Kariakoo kwa bei nafuu au vinatengenezwa kwa mabaki ya bati na vitambaa, na karai la mchanga halina gharama. Kituo kimesema kiko tayari kuendesha kikundi kama hicho nje ya ofisi zake, kwenye shule ya chekechea, msikiti au kanisa, mradi wapatikane walezi wa kutosha na chumba chenye utulivu. Kwa upande wa mtaani kwetu, tumeshaanza kuandikisha majina.